Akiba ya Mshono

Mvua ile sitaisamehe. Mvua ya msimu wake ninaielewa: inakuja, inalowesha inachotaka kulowesha, inakwenda zake. Lakini mvua ya katikati ya kiangazi, inayoanza siku ile ile umemaliza kufunga mabegi, hiyo ni ya uchokozi. Ilianza asubuhi, taratibu, kwa adabu, na mimi kwa ujinga wangu nikasema itakatika kabla maji ya chai hayajachemka. Tulikunywa chai. Tukala mchana. Jioni mabegi yalikuwa bado yamejipanga kando ya mlango wa duka, na kofia pana ya jua imekaa juu ya begi la mdogo wangu, inatucheka.

Mimi na mdogo wangu ni mafundi cherehani. Duka letu ni chumba cha mbele cha nyumba yangu, vyumba vya nyuma ndiko ninakolala. Kila kiangazi, kazi zikipungua, tunafunga duka na kwenda ziwani. Tunapanga vyumba kwa mama yule yule anayegombeza wageni kwa ajili ya mchanga kwenye mashuka, kana kwamba mtu anaweza kwenda ziwani akarudi bila mchanga. Mlangoni huwa natundika kibao nilichokiandika mwenyewe kwa rangi ya bluu: MAFUNDI WAKO MAJINI. Mwaka huu nilikitundika mapema, kwa kiherehere. Kwa hiyo kila mpita njia mwenye mwamvuli alisoma kibao, akatuona dirishani, akacheka. Wengine waligonga kioo kuuliza maji yenyewe ni haya ya barabarani? Nilikuwa tayari kumrushia mtu kiatu.

Mdogo wangu tunamwita Pini. Tangu utotoni hawezi kushona bila pini midomoni, na hazimzuii kusema. Nimewahi kumsikia akigombana na mumewe kuanzia mwanzo wa upindo wa pazia hadi mwisho wake, pini zote zikiwa mdomoni, na hakuangusha hata moja. Mumewe, shemeji yangu, ni fundi bomba, mtu wa maneno machache. Nadhani ndiyo maana ndoa yao imedumu. Mimi niliolewa na mtu wa maneno mengi, na alipokwenda zake nilipumzika masikio.

Mwaka huu Pini alikuwa mgonjwa. Ugonjwa wenyewe sitautaja, nimechoka kuutaja. Hospitali walifanya walichoweza, kisha wakatuita sote watatu kwenye chumba kidogo chenye viti viwili, shemeji akasimama. Daktari alikuwa kijana mpole, anazungusha kalamu vidoleni. Alisema dawa ya kuponya haipo tena, iliyobaki ni ya kutuliza maumivu. Halafu Pini, ambaye alikuwa anasikiliza kama vile anazungumziwa mtu mwingine, akauliza, "Na ziwani naweza kwenda?"

Daktari alitutazama mimi na shemeji, si yeye. "Mwangalieni mwili wake," alisema. "Mwili ukikaa ulivyo, mna muda, anaweza kusafiri. Ukianza kuisha, mambo yatakwenda haraka. Hapo msimtoe nyumbani. Barabara itamtesa bure."

Maneno hayo tuliyabeba mpaka nyumbani. Pini na mumewe walihamia kwangu ili mchana niwe naye, na pia kwa sababu nyumba yao ina ngazi nyingi. Nikaanza kuuangalia mwili wake.

Niseme kwa nini ziwani. Si kwa ajili ya upepo wala mandhari, Pini hana habari na mandhari. Alikuwa anataka kuelea. Tangu tukiwa wasichana, kazi yake majini ni hiyo moja: anatembea mpaka maji yafike kifuani, analala chali, ananyoosha mikono pembeni viganja juu, na anakaa hapo mpaka ngozi ya vidole inajikunja. Mimi naogelea kwa fujo, nafika mbali, narudi nahema, namkuta palepale. Mwaka huu aliniambia, "Dada, mwili huu umekuwa mzigo. Mgongo unauma, nyonga zinauma, hata nikilala nauona uzito wake. Majini hauna uzito. Nataka siku moja tu niuweke chini." Hakulia aliposema hivyo. Niliyelia ni mimi, nikaenda kulilia kwenye kabati la vitambaa.

Basi tukamshonea gauni la safari. La njano, kwa sababu alitaka la njano, ingawa nilimwambia njano inamfanya aonekane mgonjwa, naye akaniuliza kwani yeye ni nini. Mikono mirefu, kiuno kimebana kidogo, pande zote mbili tumeacha kitambaa cha kutosha ndani ya mshono. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba yetu. Mama alikuwa anatuchapa rula vidoleni tukithubutu kukata kitambaa kilichobaki ndani. "Mwenye nguo atanenepa," alikuwa akisema, "atarudi umfungulie, utamfungulia nini?" Tumekua na tumezeeka na duka letu linajulikana kwa hilo. Wateja wanakuja na magauni ya miaka iliyopita, tunafungua mshono, tunatoa akiba, wanaondoka wanapumua.

Sasa rudi kwenye mvua.

Kila asubuhi nilichukua mwamvuli nikaenda ofisi ya mabasi. Karani wa pale ni bwana mwenye kikombe cha chai ambacho sijawahi kukiona kimejaa wala kimekwisha. Siku ya kwanza aliniambia barabara imekatika, daraja liko chini ya maji. Nikamuuliza litatoka lini.

"Mama, mimi nauza tiketi. Mvua siuzi mimi."

"Nina mgonjwa."

"Njoo kesho, labda."

Kesho yake akasema labda. Keshokutwa labda. Nilianza kulichukia neno lenyewe, na kikombe pia. Lakini niliendelea kwenda, kwa sababu Pini alikuwa ananihimiza. "Nenda Dada, wahi, usije ukakuta nafasi zimejaa." Hata sijamaliza mkate ananiletea mwamvuli. Nilidhani ni hamu ya safari. Nilifurahi kumwona ana hamu na kitu.

Na kila asubuhi, kabla sijatoka, alikuwa ameshavaa gauni la njano. Alisema basi likipatikana ghafla asitucheleweshe. Alikuwa anakuja mpaka mlango wa duka, anashika fremu, anageuka kidogo kama wateja wanavyogeuka mbele ya kioo. Nami natazama. Mabega yamekaa sawa. Kiuno kimekaa sawa. Mimi ni mtu ambaye ukivuka barabara mbele yangu nitakwambia kiuno chako bila kunyanyua utepe, na sijawahi kukosea zaidi ya upana wa kidole. Uso wa Pini ulikuwa umekonda, ndiyo, lakini wa kwangu pia ulikuwa umekonda, uso hukonda kwa mawazo. Gauni ndilo nililoliamini. Jioni shemeji aliporudi na suruali imelowa hadi magotini, maana mvua ile ilimpa kazi ya kuzibua mitaro mji mzima, alikuwa ananiuliza kwa macho tu. Nami namjibu, "Mwili umesimama, shemeji. Gauni linamkaa vile vile." Anaitikia kwa kichwa, anavua viatu, anaenda kukaa naye.

Halafu likatokea lori.

Jirani yetu wa nyumba ya pili ni dereva anayeitwa Taratibu, kwa sababu ndivyo anavyoendesha na ndivyo anavyoongea. Alipita dukani akikung'uta maji kofiani. Alisema amepewa mzigo wa saruji kwenda ng'ambo ya ziwa, na kwa kuwa daraja halipiti, atazunguka kwa njia ya milimani. Ni njia mbaya, ina mashimo na matope, watalala njiani. Lakini inafika. Mbele ya lori kuna nafasi ya watu wawili, watatu wakibanana. Anaondoka kesho alfajiri. "Nimesikia mna mgonjwa anataka kufika," alisema. "Mimi nitakwenda taratibu."

Tuliongea jikoni, mimi na shemeji tumesimama, Pini ameketi kwenye kiti karibu na jiko, amejifunika shali juu ya gauni.

"Twende naye," alisema Pini.

"Kwenye lori? Juu ya mashimo? Uvunjwe mgongo?"

"Nitakaa, Dada. Naweza kukaa."

"Shemeji, unasemaje?"

Shemeji alimtazama mkewe muda mrefu, kisha akanitazama mimi. "Wewe unaonaje?" akaniuliza.

Nilijua ninachoona. Nilisema kwa sauti yangu ya dukani, ile ninayomwambia nayo mteja kwamba rangi hiyo haimfai. "Tunakimbilia lori kwa nini? Daktari alisema mwili ukikaa ulivyo tuna muda. Umekaa. Jiangalie mwenyewe gauni lilivyokukaa! Mvua haiwezi kunyesha milele, itakatika, tutapanda basi kama watu, umeketi kiti laini. Sitakutoa nyumbani ukiwa na nafuu nikakuue milimani."

Pini alijiangalia. Alishika kiuno cha gauni kwa mikono miwili, akakishikilia. Alifungua mdomo, na mimi nikajiandaa kwa mabishano, maana Pini habishani kidogo. Akaufunga.

"Sawa, Dada," alisema.

Nilifurahi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu nilikuwa nimeshinda bila jasho. Nikawasha jiko, nikapika supu, nikaimba.

Alfajiri tulisikia lori likikohoa mtaani, likapita mbele ya duka taratibu kama jina la mwenyewe. Nilipoamka kuchungulia nilimkuta Pini ameshafika dirishani, amevaa nguo ya kulalia, kipaji cha uso kimegusa kioo. Nikamwambia arudi kitandani asije akashikwa na baridi. Akarudi.

Mvua haikukatika. Nyumba ilianza kunuka unyevu. Mkate uliota ukungu, kibao cha mlangoni kikachuruzika rangi mpaka MAJINI ikasomeka kwa shida. Siku moja nilifungua begi la Pini nitoe soksi, nikapigwa na harufu ya uvundo. Taulo, nguo ya kuogelea, mashati, vyote vilikuwa na unyevu ingawa havikutoka nje hata siku moja. Nikaamua kupiga pasi kila kitu, nikaushe, nifunge upya. Afadhali kufanya kitu kuliko kukaa kusikiliza mabati.

Siku hiyo Pini hakuvaa gauni. Alisema amechoka, akabaki kitandani. Gauni lilikuwa limetundikwa kwenye mgongo wa kiti. Aliponiona nalichukua alijinyanyua kwa kiwiko.

"Hilo acha, Dada. Nitalipiga mwenyewe."

"Na nguvu gani? Lala."

"Liache tu, halijanuka."

"Lala, nimesema."

Nikalipeleka dukani. Fundi yeyote aliyefunzwa vizuri anaanza pasi upande wa ndani, ili mishono ilale, ndipo anageuza. Sisi tumefunzwa na Mama, tukisahau tulikuwa tunakiona cha moto. Nikaligeuza gauni nje ndani, nikalitandaza mezani, nikainua pasi.

Ubavuni kulikuwa na kitu kinene. Niliweka kidole. Mshono wetu wa cherehani ulikuwepo pale tulipouweka. Ndani yake kidogo kulikuwa na mshono mwingine, wa mkono, wa uzi wa njano, nukta ndogo ndogo sawasawa. Ndani ya huo kulikuwa na mwingine. Na mwingine. Nilianza kuhesabu nikaacha. Ubavu wa pili vile vile. Mikononi pia, toka kwapani hadi kwenye kiwiko. Kila mara alipolibana gauni hakufumua mstari wa nyuma, aliuacha, akapita mbele yake, akasogea ndani zaidi. Na hakuwa amekata hata uzi. Kitambaa chote kilikuwepo, kimekunjwa na kulazwa vizuri, kimekuwa kinene kama ukingo wa godoro, kinasubiri anenepe.

Kwa mkono wake. Ningeutambua mkono ule gizani.

Nilisimama pale mpaka nikasikia harufu, pasi ilikuwa imeunguza kitambaa cha meza. Niliizima. Nikaenda chumbani na gauni limegeuzwa hivyo hivyo, nikaliweka juu ya miguu yake.

"Hii nini?"

Pini alilitazama kama fundi anavyotazama kazi ya mwenzake. "Wa mwisho umeenda upande," alisema. "Vidole vilikuwa vinatetemeka."

"Ulikuwa unashona wakati gani?"

"Ukienda kwa karani."

Nilikaa kitandani. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumbeba kichwani na kukimbia naye mpaka ziwani. "Kwa nini, Pini? Kwa nini?"

"Ulimsikia daktari. Mkiona naisha hamnitoi nyumbani."

"Tungekwenda na lori! Tungekwenda na lori siku ile ile!"

"Ningejuaje? Nikisema naisha, mnasema barabara itanitesa. Nikisema sijaisha, mnasema tuna muda." Akaanza kucheka, cheko lake lile la zamani la puani, na katikati likageuka kikohozi, nikamshika mgongo mpaka kikatulia. Mgongo wake ulikuwa mifupa. Nilikuwa sijaushika mgongo wake kwa siku ngapi? Nilikuwa namtazama tu toka mlangoni.

"Mimi ni fundi," nilisema. "Nimekutazama kila asubuhi."

"Ulikuwa unatazama gauni, Dada." Hakusema kwa ubaya. "Nilijua utatazama gauni."

Nilitoka bila mwamvuli. Nilikwenda kwa Taratibu kwanza, mkewe akafungua mlango akiwa na ufagio, akasema mumewe ameshavuka milima, amepiga simu, kurudi ni mpaka apate mzigo wa kurudi nao. Akaniambia niingie nikaushe nywele. Nikaenda ofisi ya mabasi. Kulikuwa na foleni, nikaipita yote, nikapiga meza ya karani mpaka kikombe kikaruka, nikampa vidonge vyake: nikamwambia yeye na labda yake, yeye na daraja lake, yeye na mabasi yake yasiyojua kuogelea, mdogo wangu anakufa kwa kusubiri. Nilitaka anijibu, nilikuwa na mengine ya kumwongeza. Akafuta chai kwa mkono wa shati.

"Pole, mama," alisema.

Hilo ndilo lililonimaliza. Nikarudi nyumbani natembea katikati ya barabara, kwenye maji.

Shemeji nilimkuta kwenye baraza ya nyuma anavua viatu, mfuko wa vyuma uko kando yake. Nilimwambia yote. Nilisema Pini ametudanganya, amejibana gauni, ametuziba macho. Alisikiliza huku ameshika kiatu kimoja.

"Mimi nalala naye kitanda kimoja, shemeji," alisema.

Sikumwelewa.

"Nilikuwa naisikia mifupa. Kila nikigeuka. Nikasema, labda ni mimi naogopa. Shemeji ni fundi, amesema mwili umesimama, yeye ndiye anayejua." Akakiweka kiatu chini, sawa kabisa na mwenzake, akaviangalia. Nilikaa naye kwenye baraza na tukatazama mtaro alioutengeneza mwenyewe ukipeleka maji vizuri.

Baada ya hapo Pini hakukaa tena. Tulikuwa tunamwekea mito mgongoni anateleza, tunamwinua anateleza. Yule aliyesema anaweza kukaa kwenye lori milima yote hakuweza kukaa kumaliza kikombe cha supu. Daktari alikuja mwenyewe, akampima, akaongeza dawa ya maumivu. Safari hakuiuliza tena mtu yeyote. Mabegi sikuyaondoa mlangoni. Nilikuwa nayakwepa nikipita, nikijigonga nayatukana.

Na kisha, bila aibu, jua likatoka.

Halikutoka kwa kusitasita. Lilitoka lote, asubuhi moja, mtaa mzima ukatoa mvuke, watu wakatandaza magodoro nje. Nilikuwa natundika mashuka ya Pini nilipomwona karani wa mabasi anakuja kwa miguu, bila kikombe, anaruka madimbwi, ameinua mkono juu toka mbali. Sikujua hata kwamba anajua duka langu. Nadhani alikitafuta kibao.

"Mama! Daraja limetoka! Basi la kwanza ni kesho asubuhi, nimewawekea viti vya mbele, vile laini. Nimekuja mwenyewe maana nilijua ukija utanivunjia meza." Alikuwa anacheka. Kisha akaona mashuka, na akaona uso wangu, na akachungulia nyuma yangu akaona mabegi. "Bado mnakwenda, mama?"

Nilimwambia asante. Nilimwambia viti awape wengine. Alibaki amesimama juani, hajui aweke wapi mikono, mpaka nilipofunga mlango.

Pini alikuwa amesikia. Dirisha lilikuwa wazi na karani ana sauti ya stendi. "Nivalishe gauni," aliniambia.

Sikuuliza la nini. Shemeji alimwinua, mimi nikalipitisha gauni kichwani, tukamlaza. Mishono yote ile aliyojibana, na bado kitambaa kilikuwa kingi, kimelala pembeni yake kama kimemwagwa. Aliliangalia, akakunja midomo. Alikuwa anakunja hivyo mbele ya kazi mbaya. "Silali hivi," alisema. "Libane."

Nikaleta boksi la kazi. Nikaweka pini midomoni mwangu, mimi ambaye siku zote nilikuwa namgombeza kwa tabia hiyo. Nikaanza kwapani nikashuka, nabana kitambaa pembeni ya ubavu wake, naogopa kumchoma. Nilimwambia nitashona mstari mmoja wa mkono, laini, nitalaza akiba upande wa nyuma isionekane.

"Kata," alisema.

"Nini?"

"Iliyozidi, Dada. Kata yote."

"Hapana. Utane—" Nilisema hivyo kweli, kwa mazoea tu, neno lenyewe lilitoka na pini.

"Dada." Alinitazama, nami safari hiyo nilimtazama yeye. "Inaniumiza ubavuni. Nikilala ni kama nimelalia kamba. Kata."

Shemeji alitoka chumbani. Nilimsikia akisimama mbele ya mabegi, hasogei.

Nilichukua mkasi mkubwa, ule wa Mama. Nilikata ubavu wa kulia toka kwapani hadi kwenye nyonga, kisha nikazunguka kitanda nikakata wa kushoto. Mkasi ulikuwa unasaga, tabaka zilikuwa nyingi, mistari yote ile ya uzi wa njano ikikatika mmoja mmoja. Nikafanya na mikono. Vipande vikaanguka kwenye shuka, vikawa fungu. Halafu nikashona gauni likiwa mwilini mwake, kitambaa kwa kitambaa, sikuacha ndani hata upana wa punje.

Nilipokata uzi wa mwisho kwa meno, Pini aligeuza kiganja akapapasa ubavu wake, juu, chini. Ulikuwa laini. "Afadhali," alisema. Akanyoosha mikono pembeni taratibu, mmoja huku, mmoja kule, viganja juu, akafumba macho.

Nilikusanya vile vipande vya njano nikakaa navyo mapajani. Sikujua niviweke wapi.